Makovu ya Chachu ya Nyumba

Wadogo zangu wa maabara, kabla sijaanza niwaondolee shaka moja: mimi ndiye mtu wa kwanza katika kiwanda kile kuitazama chachu uso kwa uso. Kabla yangu walikuwa wanainusa tu. Walinusa vizuri, sikatai, lakini mtu anayenusa hawezi kukuambia nani amezaa na nani hajazaa. Mimi naweza. Mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi ili mjifunze, nami nimekubali upesi kuliko unyenyekevu unavyoruhusu. Sitasema juu ya vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuja vyenyewe, na mshahara hauna hadithi.

Nilikulia ng'ambo, upande wa Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda ambao kila Krismasi walisema mwaka ujao tutakula nyumbani. Diploma yangu ya kemia niliipata kwa kuuza mandazi alfajiri na kusoma mchana. Hakuna mjomba aliyenilipia. Wajomba walikuwepo, tena wengi, wote hodari wa kutoa ushauri. Siku ya kurudi nilivuka daraja la Rusizi na sanduku moja, diploma nimeifunga ndani ya nailoni katikati ya mashati. Afisa wa mpaka alipotaka kuikunja ili sanduku lifungike, nilimwambia, "Afande, kunja mashati." Alinitazama sana, kisha akakunja mashati.

Kiwanda mnakijua: matanki yamepangwa kwenye mteremko wa Kamembe, ndizi zinafika kutoka Nzahaha zikiwa mbichi na zinatoka kwetu tukiwa tumezifanya divai. Mwenye kiwanda, Maman Veneranda, alinipokea siku ya kwanza akiwa amekaa kwenye kreti iliyopinduliwa, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya moto kwa sababu ya uvimbe.

"Weye njo ule wa diplome?"

"Ndiyo, Maman."

"Diplome yako inajua kuonja?"

"Haijaniambia, Maman."

Alicheka mpaka maji yakamwagika, akamwita Mzee Kaloli. Huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa matanki, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuegemeza sikio kwenye chuma kama daktari anayesikiliza kifua. Yeye ndiye mwalimu wangu, ingawa hakuwa na karatasi hata moja, na mimi ndiye niliyeyapa jina yale aliyokuwa anayajua. Tulifaana.

"Papa Diplome, kuya usikie," aliniambia siku ile. Nikaweka sikio. Ndani kulikuwa na mlio mwembamba, kama mvua ya mbali juu ya mabati. "Vile iko inaimba, iko muzima. Siku itanyamaza, usinguse kitu. Niite." Kisha akanishika kiganja na kukibandika ubavuni mwa tanki. Lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Chachu ya nyumba haikununuliwa. Mama yake Maman Veneranda aliivusha daraja lile lile nililovuka mimi, ndani ya kibuyu alichokifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, naye akakitikisa njia nzima kana kwamba kinalia. Askari hawakukigusa. Bibi huyo alifariki kabla sijafika kiwandani, lakini kanuni yake ilibaki, na kila mfanyakazi aliikariri kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: chukua waliotulia. Divai ikishaiva, chachu huzama. Zile zinazozama mapema hutengeneza tope zito chini ya tanki. Zile zinazochelewa huelea juu kama ukungu. Bibi alisema zinazoelea hazina kwao, ni watu wa njiani, zimwagwe. Zilizotulia mapema ndizo watu wa nyumbani, ndizo za kupandia divai mpya. Mtu aliyeishi ukimbizini miaka yake yote akipata neno kama hilo, hulipenda kabla ya kulipima. Hakuna kiwanda kingine kingeweza kukosea hivyo. Sisi tulikosea kwa moyo wote.

Hadubini nilikuja nayo mimi. Niliinunua iliyotumika, lenzi moja ina ufa, na msishangae nikisema naijua kuliko mke wangu, maana mke wangu ndiye anayesema hivyo. Chachu ndani yake ni viduara vilivyo wazi, kama matone ya mafuta. Mama hutoa uvimbe mdogo ubavuni, uvimbe unakua, unakuwa mtoto, unajitenga. Mahali mtoto alipotokea panabaki kovu la mviringo, lenye ukingo ulioinuka. Kovu hilo halifutiki, na mama hazai mara ya pili mahali pale pale. Akizaa tena, atafungua mahali pengine pa ngozi yake. Mtoto naye anaondoka na alama moja tu, ya mahali alipoungana na mama, kama kitovu. Kwa hiyo umri wa chachu hausomwi kwa siku, unasomwa juu ya ngozi. Mama mzee ni nyumba ambayo kila mlango aliotokea mtoto umejengewa matofali. Ngozi inakunjamana, inakuwa ya kunata, wazee wanashikana na kuzama pamoja.

Makovu hayaonekani kwa taa ya kawaida. Vyuo vikubwa vina rangi maalumu na taa ya bei ya gari. Mimi nilikaa nikafikiri. Kovu la chachu limejaa kitu kile kile kinachofanya ganda la panzi kuwa gumu. Sabuni ya unga ya kufulia ina dawa inayong'arisha mashati meupe, nayo hupenda kushika kitu hicho. Na wavunja fedha wa mpakani wana taa ndogo ya zambarau ya kukagua noti bandia. Sabuni ikatoka jikoni kwetu Giheke, taa nikaiazima kwa mama mmoja wa mpakani ambaye hadi leo anaamini nilikuwa nachunguza dola zake. Nikaziba dirisha la stoo kwa blanketi mchana kweupe, nikachanganya tone la chachu na sabuni, nikaliangaza kutoka ubavuni. Pete zikawaka rangi ya buluu, moja moja, katikati ya giza. Niliita watu wote waje waone. Mzee Kaloli alitazama, akanyoosha mgongo, akasema, "Iko inatuangalia." Hakurudi kutazama tena mpaka alipostaafu.

Miaka ikapita nikiwa nimeshika taa ile. Sitawachosha na kesi ndogo: divai ya siki, mfuniko uliopasuka, mkaguzi aliyetaka glovu huku amevaa pete tatu. Nataka kuwapeleka kwenye mwaka wangu wa mwisho kamili, mwaka matanki yaliponyamaza.

Ilikuwa saa sita mchana, watu wako kwenye chakula. Nilikuwa napita na sahani yangu ya sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, nikagundua nasikia nyayo zangu mwenyewe. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kusikia nyayo zake. Niliweka sahani chini, nikaweka kiganja kwenye tanki la kwanza. Lilikuwa baridi kama ukuta wa kanisa. La pili vilevile. Yote tuliyapandia tope moja, la waliotulia. Niliegemeza sikio. Kimya. Kisha, baada ya muda mrefu, kiputo kimoja kikubwa cha hewa kikapanda polepole kutoka chini na kupasuka juu, kama mtu anayemeza mate gizani. Halafu kimya tena. Juisi ilikuwa tamu, tamu kama siku tuliyoimimina. Hakuna aliyekuwa ameila.

Maman Veneranda, ambaye sasa alitembea kwa fimbo mbili, alikuja na kusimama katikati ya matanki. Aliinamisha kichwa.

"Bamekufa?"

"Nitakuambia, Maman."

Kuna rangi ya buluu tunayotumia, mnaijua. Chachu iliyokufa inaiacha iingie na inageuka buluu yote. Iliyo hai inaizuia mlangoni. Niliweka tone, nikasubiri, nikatazama. Sijawahi kuona kitu kama kile. Sahani nzima ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna hata moja iliyogeuka buluu. Walikuwa hai wote. Hawali, hawazai, hawafi. Wamekaa.

Nikaingia stoo, nikashusha blanketi, nikawasha taa ya noti. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo elimu inapoogopesha kuliko ujinga. Katika tope lenye afya, nusu ya chachu huwa ni watoto ambao hawajazaa bado. Wanaobaki, wengi wana kovu moja au mawili. Mzee wa makovu mengi ni nadra, unaweza kukaa asubuhi nzima usimpate. Mimi nilipoangaza tone lile niliona wazee peke yao. Kila mmoja amevimba, amekunjamana, amefunikwa pete zinazogusana, pete juu ya ngozi yote, kama uso wenye midomo mingi iliyofumbwa. Walikuwa wameshikana makundi makundi. Sikuona mtoto. Nilisogeza kioo, nikatafuta. Ni sawa na kuingia kijiji ambacho moshi unatoka kila paa, kila kibarazani wamekaa vikongwe, na hakuna mtoto hata mmoja anayekimbia njiani.

Nilipotoka nje mwanga ulinichoma macho. Maman alikuwa bado amesimama.

"Ni bamama peke yao, Maman. Wazee. Wako hai, lakini kazi imewashinda."

"Na batoto?"

"Sijawaona."

"Unasema nini, Papa Diplome? Bamama bote bale, alafu batoto bako wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo kazi yangu yote ilikuwa inalielekea. Nalo halikuwa swali la maabara tu. Olivier, mwana wa Maman, kijana mwema anayefanya biashara Kigali, alikuwa amekwisha sikia juu ya matanki. Alikuwa anakuja Jumamosi na pakiti za chachu kavu ya Ulaya na madumu ya soda kali ya kuoshea. Soda ile ikipita ndani ya tanki na mabomba hakibaki kitu. Chachu ya kibuyu ingekuwa imefika mwisho, na divai yetu ingekuwa na ladha ya kila divai nyingine.

"Ni sawa, alete," Maman alisema, lakini alikuwa ameshika ubavu wa tanki kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. "Batoto bangu bote bako mbali, Papa. Olivier Kigali, ule mwingine Ubelgiji, ule mwingine sijue. Mama alinipa kitu kimoja tu. Nitakutana naye mbinguni nimuambie nini? Kama niliosha na soda?"

"Maman, tangu lini mimi nimeshindwa?"

"Siku ya friji," alisema papo hapo. Tusiongelee siku ya friji.

Nilikaa siku nzima nikifuata mabomba kwa akili, kutoka tanki hadi nje. Jibu liliingia getini kwa miguu. Lilikuwa ni mwanamke anayeitwa Maman Siska, jirani yetu wa bondeni, amebeba jerikeni ya njano iliyovimba pande zote kama imemeza mtoto wa mbuzi.

"Diplome iko wapi? Itoke! Muliniroga, mutaniroguwa!"

"Taratibu, Maman Siska. Nani amekuroga?"

"Miye siko mulozi, na siuze pombe! Niko nauzisha juisi ya ndizi kwa bantu ba kanisa, bale basiokunywaka. Juisi tamu, bila mtama wa kuchachusha, bila kitu. Sasa naitia asubui, saa sita iko inachemka yenyewe! Bila moto! Jana kwaya bamekunywa, bameimba wimbo wa mwisho mbele ya wa kwanza. Muchungaji akaniuliza, Siska, umetia nini? Sikutia kitu! Bantu banasema kwangu kuko bazimu. Banapita ng'ambo ya njia!"

Alilegeza kifuniko kidogo. Jerikeni ilipumua kwa muda mrefu, kwa sauti ya kuchoka, na povu likatambaa nje juu ya vidole vyake. Wafanyakazi wawili walirudi nyuma. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, ingawa ni Mprotestanti.

Mimi nilikuwa nanusa. Ile harufu, wadogo zangu. Ndizi, karafuu kidogo, na nyuma yake kitu kama kitambaa kipya. Ilikuwa harufu ya nyumba yetu.

"Maman Siska, jerikeni unazioshea wapi?"

"Kwa kile kijito cha chini. Yale maji yanatokaka kwenu. Juu ya nini?"

Nilikuwa nimeshachukua tone na kukimbilia stoo, naye nyuma yangu akipiga kelele nimrudishie juisi. Nilishusha blanketi, nikawasha taa. Giza. Nilidhani taa imekufa. Kisha macho yalipozoea nikawaona: wembamba, wadogo, ngozi laini, kila mmoja na alama moja hafifu ya kuzaliwa. Walikuwa wengi, wanachipuka huku natazama. Na kovu la kuzaliwa ni kovu la upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa kwetu, umebaki kwenye ngozi ya mama.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wazee ndio wanaonata, ndio wanaozama mapema. Kila mara tulipochukua waliotulia tulichukua wazee, na kila mara tulipomwaga wanaoelea tulimwaga watoto. Tope juu ya tope, bibi akiwa kaburini na sisi tukimtii, mpaka nyumba ikabaki na vikongwe peke yao. Watoto walishuka na maji machafu mpaka bondeni, wakaingia katika jerikeni za walokole na kuanza kazi bila kuajiriwa.

Maman Veneranda alipoambiwa, alikaa kwenye kreti. "Kumbe bale ba njiani njo batoto betu," alisema. Kisha akamgeukia Siska. "Ile bido ya njano unauzisha ngapi?"

"Siuzishe. Mutoe bale bazimu benu kwa maji yangu, basi."

Tulipanda matanki yote kwa jerikeni ile, baada ya kuikuza kwanza ndani ya ndoo, kisha ndani ya pipa, kama nilivyowafundisha. Mtaro wa maji machafu tuliugeuza uingie shimoni. Olivier alipofika Jumamosi na madumu yake, alikuta mama yake ameegemeza sikio kwenye chuma. "Uko nasikia?" Maman alimuuliza. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya matanki, jua likiwaka nje. Olivier alionja, akarudisha madumu garini. Kanuni mliyoikuta ukutani, kwamba tuchukue kutoka safu ya katikati na tupime makovu kila mwezi, niliiandika wiki hiyo. Ni yangu. Mnaweza kuinakili, msibadilishe jina.

Lakini nilikuwa sijamaliza na wale wazee. Nilitaka kuwamwaga kwenye migomba, ni mbolea nzuri. Maman alizuia kwa fimbo.

"Bako bazima?"

"Ndiyo, ila hawatazaa tena, Maman. Kila mlango umezibwa. Nimetazama mwenyewe."

"Kama bako bazima, hautabamwanga."

Nilijaza chupa moja ya tope lao, nikaikaza kifuniko cha chuma, nikaiweka chini kabisa kwenye friji, nyuma ya vile vyombo vya siki ambavyo hakuna anayevihitaji. Maman alifariki miezi michache baadaye, kwa amani, watoto wote watatu wakiwa wamefika. Sikuigusa chupa.

Siku yangu ya mwisho kazini, baada ya hotuba zenu na ile keki, nilirudi maabara kuchukua koti. Friji ilikuwa inanguruma kama kawaida. Nilifungua tu ili niage vyombo vyangu. Kifuniko cha chupa kilikuwa kimevimba katikati, kimekuwa duara kama jicho. Nilikilegeza. Chupa ilitoa pumzi ndefu, baridi, yenye harufu ya karafuu.

Nilichukua tone, nikashusha blanketi la stoo, nikawasha taa ya noti. Nilimkuta karibu na ukingo wa kioo. Alikuwa mzee kuliko wote niliowahi kuwaona, pete juu ya pete, hakuna ngozi iliyobaki isipokuwa pahali padogo, padogo sana, ambapo sikupaona mara ya kwanza. Hapo palikuwa na uvimbe laini, usio na alama, unakua polepole huku natazama. Diploma yangu haina maelezo ya jambo hilo, na mnajua ni mara chache nasema hivyo.

Niliirudisha mahali pake. Nimewaachia hadubini, taa, na sabuni. Chupa iko rafu ya chini, nyuma ya siki. Mkiosha friji, msiimwage. Kifuniko nimekiacha kimelegea. Msikikaze.